“Was called off”, “was cancelled” au “they called it off”: uchague ipi, na lini?

Jirani yangu aliibiwa. Wezi walipita mlango wa nyuma yeye akiwa msibani, wakaondoka na televisheni na mtungi wa gesi. Kampuni ya bima ilitaka maelezo kwa Kiingereza, naye akaandika: “My house was broken on Saturday night.” Kesho yake akapigiwa simu. Mtu wa upande wa pili akamuuliza, kwa sauti ya pole, kuta ngapi zimeanguka na kama familia imepata pa kulala.

Kwa Kiswahili jirani hakuwa na kosa. Nyumba imevunjwa, tunasema, na kila mtu anajua ni wezi. Kwa Kiingereza aliacha kijineno kimoja tu, “into”, na nyumba ikageuka kifusi.

Alinijia na karatasi yake kwa kuwa mtaani najulikana kwa kusahihisha barua za watu. Alikuwa ameshamuuliza binti yake wa kidato cha tatu, akapewa “was broken into”. Akamuuliza shemeji yake, akapewa “was burgled”. Mwalimu mmoja mstaafu akamwambia aachane na kauli ya kutendwa kabisa, aandike “Thieves broke into my house.” Zote tatu ni Kiingereza safi, na ndiyo maana zilimchanganya. Kama angekuwa na moja sahihi na mbili mbovu, asingenihitaji.

Basi tuzilinganishe, na ya nne tuiongeze kwa sababu vijana wanaitumia sana: “got broken into”.

Vya kupimia

Kwanza, msomaji wako anataka kuona nini mwanzoni mwa sentensi: kitu kilichopatwa, au mtu aliyekifanya? Pili, huyo mtenda unamjua, humjui, au unamjua na hutaki kumtaja? Tatu, barua inakwenda kwa nani. Kiingereza cha ofisini na cha kundi la WhatsApp havivai nguo moja. Nne, je, maneno uliyochagua yana maana moja tu, au msomaji anaweza kushika nyingine? Na tano, ambalo vitabu hulisahau: ukiandika kwa haraka, usiku, una uwezekano gani wa kuteleza?

Kila njia nitaipitisha hapo. Sentensi ya kuanzia ni nyepesi: mkutano umefutwa.

Njia ya kwanza: “The meeting was called off”

Hivi ndivyo vitenzi vya maneno mawili, wakati mwingine matatu, ambavyo Waingereza wenyewe wamekiri kuwa ni mzigo kwa mgeni. Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya mwaka 1755, alisema wazi kwamba hivi vijineno vinavyofuata kitenzi ndivyo vinavyowatesa zaidi wageni. Hadi leo hajakanushwa.

Ukivigeuza kuwa kutendwa, kanuni ni fupi: shamirisho linapanda kuwa kiima, kitenzi kinakwenda kwenye umbo lake la tatu, na kijineno kinabaki pale pale, kimegandana na kitenzi chake. “The chairman called off the meeting” inakuwa “The meeting was called off.” Hapa kuna nafuu ambayo wengi hawaioni. Kwenye kutenda unapaswa kukumbuka kwamba ni “called it off” na si “called off it”, ilhali ni “looked after it” na si “looked it after”. Kwenye kutendwa mzozo huo hakuna. “It was called off.” “It was looked after.” Kiwakilishi kimeshakwenda mbele, kijineno hakina pa kukimbilia. Kielezi nacho hupenda kukaa kabla ya kitenzi: “was suddenly called off”, “were well looked after”.

Sikio la Mswahili, kwa kweli, limeshazoea jambo hili. Tunasema kitanda kimelaliwa, na Mwingereza anasema “The bed has been slept in.” Tunasema nimenyeshewa, naye anasema “I was rained on.” Kazi ya “in” na “on” sisi tumeiweka ndani ya kitenzi, kwenye ile irabu ya kauli ya kutendea. Linganisha mtoto aliletwa na mtoto aliletewa. Irabu moja, na mtoto ameacha kuwa mzigo akawa mpokeaji. “Was broken” na “was broken into” zimeachana hivyo hivyo. Hakuna Mswahili anayedondosha ile irabu ya aliletewa kwa bahati mbaya. Kijineno cha Kiingereza tunakidondosha kila siku kwa sababu kimesimama peke yake na kinafanana na pambo.

Na Afrika Mashariki tuna vyetu tunavyovidondosha kwa mazoea. “I was picked from the airport” maana yake kwa msomaji wa nje ni kwamba kwenye uwanja wa ndege ulichaguliwa, kama mchezaji. Aliyefuatwa na gari ni “picked up”. “The form must be filled” inasubiri “in” au “out”. “He was knocked by a car” itaeleweka, lakini Mwingereza anatarajia “knocked down”. Kwa upande mwingine tunaongeza pasipohitajika: “The matter was discussed about”, “Your certificates were requested for”. Futa “about”, futa “for”.

Kwenye ajali, njia hii inashinda kwa uhalisi. Kiswahili kinatenganisha aliyegongwa na gari na aliyekanyagwa na gari, na Kiingereza kinatenganisha hivyo hivyo: “knocked down” na “run over”. Ukisema “hit” umesema kugongwa tu, na gurudumu limepotea. Ila andika “was run over”, si “was ran over”. Kosa hilo nimelisahihisha mara nyingi kuliko jingine lolote, likifuatiwa na “layed off” badala ya “laid off”.

Udhaifu wake mkubwa ni maana mbili. “The truck was held up at Chalinze.” Lori limekwama kwenye foleni, au limevamiwa na watu wenye silaha? Kiingereza kinaruhusu zote. “He was taken in by a family in Arusha”: familia ilimhifadhi au ilimtapeli? “Was put down” ndiyo hatari zaidi, kwa maana uasi unaweza kuzimwa kwa neno hilo, mtu akadhalilishwa kwa neno hilo, na mbwa mgonjwa akachomwa sindano ya mwisho kwa neno hilo hilo.

Kuhusu urasmi, usiamini kila unachoambiwa. Ni kweli kwamba watu wamekuwa wakinung'unikia sentensi inayoishia na kihusishi tangu mshairi John Dryden alipolilalamikia mwaka 1672, na bado kuna walimu wanaokata alama kwa “was broken into.” Lakini fungua ripoti yoyote ya utafiti utakuta “The survey was carried out”, na hakuna anayekunja uso. Polisi na magazeti huandika “broken into”, “laid off”, “called off” bila aibu. Mtenda ukimtaka, unamleta kwa “by”, hata kama vihusishi vitasongamana: “broken into by thieves”, “looked down on by his colleagues”. Hapo wanafunzi hushtuka wakafuta kimoja. Usifute.

Inamfaa anayesimulia tukio, anayeandika taarifa ya habari, na yeyote ambaye kitu kilichopatwa ndicho habari yenyewe.

Njia ya pili: “The meeting was cancelled”

Neno moja, mara nyingi lenye asili ya Kilatini lililopitia Kifaransa. Kwa “put off” kuna “postponed”, kwa “turned down” kuna “rejected”, kwa “put out” ya moto kuna “extinguished”. Faida yake ni uwazi. Kama barua yako itasomwa na Mchina, Mturuki au Mrundi aliyesoma kwa Kifaransa, “postponed” itamfikia haraka kuliko “put off”, na hatachanganya kuahirishwa na kufutwa, mkanganyiko ambao “put off” na “called off” huuleta hata kwetu. Kwenye mkataba sina swali: neno moja, maana moja.

Vitenzi vya maneno matatu navyo hupona hapa. “Such noise cannot be put up with” ni sahihi lakini inasomeka kama mtu anayeshuka ngazi gizani. “Cannot be tolerated” inapumua. Isipokuwa vingine havina mwenzao wa neno moja: “looked forward to” utaizungusha wee, mwisho urudi pale pale.

Sasa mtego. Watu wengi hudhani neno kubwa ni lile lile dogo lililovaa suti. Si kweli. Kijana mmoja alinitumia barua ya kuomba kazi. Kiwanda alichokuwa akifanyia kazi kilikuwa kimepunguza wafanyakazi, naye akiwemo, hana kosa. Rasimu yake ya kwanza ilisema “I was laid off in March.” Rafiki akamshauri aifanye ya heshima zaidi, akabadilisha: “I was dismissed in March.” Kwa herufi hizo alikuwa amejifukuzisha kazi mwenyewe. “Laid off” ni kupunguzwa. “Dismissed” ni kufukuzwa, na msomaji anaanza kujiuliza uliiba nini. Waingereza wana “made redundant” kwa kupunguzwa, nayo ni ya kwao zaidi kuliko ya Marekani. Tulirudisha “laid off”.

Wizi nao una vichochoro. Niliibiwa si “I was stolen”. Hiyo ni niliibwa, yaani umetekwa wewe mwenyewe. Nyumba yangu iliibiwa si “My house was stolen”, maana nyumba haibebeki. Nyumba huwa “burgled”, au “burglarized” Marekani. Mtu huwa “robbed”. Televisheni ndiyo “stolen”. Maneno matatu kwa kitenzi kimoja cha Kiswahili. Anayeona hiyo ni kazi nyingi, “broken into” inamsubiri, ingawa nayo husema tu kwamba waliingia, haisemi walichukua.

Mtenda hapa anaweza kutajwa au kufichwa kama kwenye njia ya kwanza. Kuteleza ni kwa tahajia zaidi: “cancelled” ya Uingereza, ambayo ndiyo shule zetu hufundisha, na “canceled” ya Marekani. Chagua moja, ukae nayo hadi ukurasa wa mwisho.

Inamfaa mwanasheria, mfasiri wa nyaraka, na anayewaandikia watu ambao Kiingereza si chao.

Njia ya tatu: “The meeting got called off”

Hii ni ya mdomoni. “Got ripped off” ni kulanguliwa au kutapeliwa, “got told off” ni kukaripiwa, “got stood up” ni kusubirishwa na mtu asiyetokea. “Got” huleta ladha ya tukio, mara nyingi la mkosi, mara chache la bahati. Pia hudokeza kwamba aliyepatwa huenda alichangia. “He was thrown out” ni taarifa. “He got thrown out” ina kaharufu ka alijitakia.

Haikubali hali ya kudumu. Mwalimu anayeheshimiwa “is looked up to”. Ukisema “gets looked up to” sikio linakwaruzika. Na ukikanusha au kuuliza unahitaji “did”: “Did it get called off?”, “It didn't get called off.” Wengi huulizia kama “was”, wakatoka na “Got it called off?”, ambalo si swali kwa mtu yeyote.

Inamfaa anayepiga soga, anayeandika mazungumzo ya wahusika, anayesimulia mkosi wake kwa rafiki. Ubalozini, hapana.

Njia ya nne: “They called off the meeting”

Mwalimu mstaafu hakukosea. Kutenda ni kufupi, kuna nguvu, na kunamweka mwenye dhamana hadharani: “The chairman called off the meeting.” Humjui? Tumia “they” kama tunavyosema wamefuta mkutano bila kujua ni akina nani. Katika mazungumzo inakubalika. Kwenye ripoti ya kiofisi msomaji makini atauliza hao ni nani, nawe huna jibu.

Maana huwa wazi zaidi kwa sababu mtenda hupunguza utata. “Gunmen held up the truck” haina foleni ndani yake. Kuteleza kunarudi kwenye kiwakilishi, ile “called it off” niliyoitaja, kwa hiyo kama huna uhakika weka nomino kamili baada ya kijineno na uendelee na maisha.

Inamfaa anayelalamika dhidi ya mtu anayemjua, anayetoa ushahidi, na anayetaka sentensi zake zisimame wima.

Vile visivyokubali kutendwa hata ukivibembeleza

Kabla ya kuchagua, hakikisha chaguo lipo. Vitenzi vingine vya maneno mawili havina shamirisho, basi hakuna cha kupandisha. Dawa iko kwenye Kiswahili chako mwenyewe: jiulize kama ungetumia kutendeka au kutendwa.

Moto umezimika: “The fire went out.” Moto umezimwa: “The fire was put out.” Transfoma imelipuka: “The transformer blew up.” Ukiandika “The transformer was blown up” umesema imelipuliwa, na kuna mtu anatafutwa na polisi. Gari limeharibika njiani ni “The car broke down”, si “was broken down”.

Nalo hili la wasifu: “I was grown up in Mwanza.” Hapana. Nilikulia Mwanza ni “I grew up in Mwanza”, nililelewa Mwanza ni “I was brought up in Mwanza.” La kwanza halina kutendwa, la pili lina mlezi nyuma yake hata asipotajwa. Vipo pia vyenye shamirisho lakini vigumu: kufanana na mama yako ni “take after”, na mama yako hawezi kuwa “taken after”.

Kwa hali yako

Una mtihani wa sekondari na swali linasema andika upya ukianza na “He”: “People laughed at him.” Hapa huna uhuru wa njia nne. Baki na kitenzi ulichopewa, na kijineno chake: “He was laughed at.” “By people” haiongezi kitu. Ukikutana na “They took good care of the children”, angalia neno la kuanzia ulilopewa, kwa sababu kuna majibu mawili: “The children were taken good care of” na “Good care was taken of the children.”

Unaandika barua ya kazi: andika lenye maana kamili, liwe dogo au kubwa. Pima “laid off” na “dismissed” kabla ya kutuma.

Unatafsiri mkataba au notisi itakayosomwa na watu wa mataifa mengi: anza na neno moja, na urudi kwenye kijineno pale tu ambapo neno moja linapotosha.

Unaandika habari ya ajali au tukio: kijineno, kwa umakini wa kugongwa na kukanyagwa. Ukiona “held up” au “taken in”, isome kwa sauti kama mtu asiyejua kisa.

Unaandika malalamiko na mkosaji unamjua kwa jina: kutenda. Kumficha ndani ya kutendwa ni kumsaidia.

Unajibu kwenye kundi la familia kwamba harusi imesogezwa: “got put off” inatosha, na kwa kuwa shangazi atauliza imefutwa au imesogezwa, weka na tarehe mpya.

Na jirani yangu? Wezi hakuwajua, na bima ilikuwa ya nyumba, kwa hiyo nyumba ndiyo iliyostahili kutangulia. Tuliandika “My house was broken into on Saturday night while I was away at a funeral.” Kwa kuwa sentensi hiyo haisemi kilichochukuliwa, tukaongeza: “A television and a gas cylinder were stolen.” Walipompigia tena, waliuliza bei ya kitasa.